Sinia Lililo Chini ya Kilima

Bi Esha hafinyangi chungu kabla hajautia udongo mdomoni. Anautafuna kidogo kwa meno ya mbele, ametulia kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, kisha anautema pembeni na kutoa hukumu. "Huu una chumvi." "Huu una mchanga, mwaga." "Huu ndio, jazeni karai." Hapa Chirimani tumemzoea. Mgeni akimwona mara ya kwanza hudhani ana mimba, maana kwetu mwanamke akila udongo jambo la kwanza watu wanaloangalia ni tumbo, na Bi Esha ana wajukuu.

Ukimuuliza anasikiliza nini, anakwambia, "Mchanga unalia kwenye meno. Udongo mzuri hauna kelele."

Chirimani iko juu, ukishapita Kwale mjini ukaacha lami. Juu kwenyewe ni tambarare kama meza, halafu ghafla kilima kinakatika na unaona minazi ya Diani iko chini kule kama majani ya mboga. Mimi shule niliiacha mapema, kwa hiyo habari za kilima hiki nimezipata kwa Bi Esha, na yeye huzieleza kama anaeleza mapishi. Juu kabisa mchanga mwekundu. Chini yake jiwe, lakini jiwe lenyewe ni mchanga vilevile, mchanga wa mito ya zamani sana, umelaliana tabaka kwa tabaka, umekandamizwa hadi ukashikana. Ukilipasua unaona mistari yake, na mahali pengine unaona mawimbi madogo madogo, yale yale unayoyaona ufukweni Msambweni maji yakipwa. Chini ya jiwe ndipo uko udongo wa mfinyanzi.

"Mvua ikinyesha, jiwe linakunywa," anasema Bi Esha. "Maji yanateremka ndani ya jiwe polepole, yanafika kwenye udongo, udongo unayakatalia. Sasa yaende wapi? Yanatembea juu ya udongo mpaka yaone mlango."

Mlango wenyewe uko chini ya ukingo, upande wa bahari, tunapaita Jichoni. Maji hutoka hapo kiangazi na masika. Tatizo ni kwamba yanapotoka yanakula ule udongo, na jiwe la juu linabaki limening'inia kama baraza isiyo na nguzo. Siku moja linaanguka. Ndiyo maana njia ya Jichoni imejaa mawe makubwa kama vibanda, na ndiyo maana ukingo unasogea kuja kwetu kila kizazi. Bi Esha ana maneno yake: "Shamba la bibi yangu sasa ni hewa. Alilima mihogo pale wanaporuka mwewe."

Mwaka jana masika, akipanda kutoka Jichoni na mtungi kichwani, aliteleza baina ya mawe yale. Mtungi ulipasuka, na kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika. Mfinyanzi kuvunjika mkono wa kulia, we fikiria mwenyewe.

Mwanawe Abubakar anaendesha tuktuk Ukunda, kule chini Diani. Alikuja siku ile ile, akamkuta mamake amefungwa plasta na bado anatoa amri jikoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Mama, sikuja kula. Nimekuja kukwambia uteremke tukae wote Ukunda. Nina chumba cha pili, maji yako bombani, mlangoni kabisa."

"Udongo je, uko bombani?"

"Mama, kilima hiki kitakuua."

"Kilima hiki kimenizaa."

Walibishana mpaka Isha. Abubakar si mtoto mkorofi, na tena alikuwa na haki yake: kwa mkono ule mama hangeweza kushuka Jichoni tena, na sisi majirani tungemchotea leo na kesho, lakini si maisha yote. Mwishowe wakapatana. Bi Esha alisema atapata kisima hapo hapo juu. Abubakar akasema sawa, ila asimwoneshe maji ya mvua. Kisima kikishinda kaskazi yote mpaka Ramadhani, mama abaki. Kikikauka, anateremka Ukunda bila maneno.

"Bila maneno sijui," akasema Bi Esha. "Lakini nitateremka."

Mchimbaji tuliyempata ni Mulwa, Mkamba wa kule kwenye mashamba ya makazi waliyogawiwa watu wa bara, ambaye mamake alikuwa mteja wa vyungu vya Bi Esha tangu zamani. Mulwa amechimba visima vingi kuliko mtu yeyote ninayemjua, na anajua kuwa anajua. Alikuja, akazunguka kijiji kizima amefumba jicho moja, akasimama kwenye kile kibonde nyuma ya msikiti.

"Hapa," akasema. "Maji hufuata bonde. Hata kwetu Ukambani tunachimba mchangani mtoni, tunapata."

"Hapa si mtoni," akajibu Bi Esha. "Hapa mto ulishasimama ukawa jiwe. Chimba kwangu, nyuma ya jiko."

Hapo Twaiba akadakia. Twaiba ni wifi yake Bi Esha, dada wa marehemu mumewe. Naye ni mfinyanzi, na wawili hawa hawajawahi kukubaliana hata kuwa saa ni ngapi. "Ehee! Kilima chote hiki, maji yameona jiko la Esha tu!"

"Wifi, maji hayana haya. Yanakwenda yanakoitwa."

Bi Esha akaingia jikoni. Alileta sinia lake kubwa la pilau, akaliweka chini, upande mmoja akalitegea kigae ili liiname. Akalijaza mchanga mpaka juu, akausawazisha kwa kiganja cha kushoto. Kwa juu ukiangalia, tambarare kabisa, kama Chirimani. Kisha akamimina maji katikati.

"Upande wa magharibi, kule tulikokuwa tukichimba udongo tukiwa wasichana, udongo uko juujuu, unaufikia kwa jembe. Upande wa bahari uko chini kabisa, Jichoni. Msikiti uko magharibi, jiko langu liko upande wa bahari. Sasa niambieni, sinia limeinamia wapi?"

Tukangoja. Upande wa juu wa sinia mchanga ukakauka. Upande wa chini ukalowa, ukang'aa, mwisho maji yakajitokeza ukingoni mwa sinia na kuanza kudondoka.

Mulwa akacheka sana. "Haya mama, nimeshindwa na pilau. Lakini huku kwako kutakuwa kurefu."

"Kurefu kwenye maji kuliko kufupi kwenye vumbi."

"Na nikifika kwenye huo udongo?"

"Unasimama hapo hapo. Udongo huo ndio sinia; ukilitoboa, maji yanateremka zake na hatuyaoni tena. Mnasikia nyote? Hakuna kulitoboa sinia."

Neno hilo alilirudia kila siku hata sisi vijana tuliokuwa tukichimba kwa zamu tukaligeuza wimbo wa kuvutia kamba. Mchanga mwekundu ulikwenda haraka, tukaujengea kwa mawe usituporomokee. Jiwe ndilo lililotutoa roho. Mtaimbo, nyundo, sururu, siku nzima unapata ndoo chache za chengachenga. Twaiba alikuwa akija kila asubuhi kuchungulia na kutupa salamu zake: "Bado hamjafika China?"

Vuli ilipokwisha tu, sururu ya Mulwa ikazama mahali laini. Akapaza sauti. Ndoo ikapanda na udongo mweupe, mbichi, na nyuma yake ndoo nyingine na maji ya rangi ya chai ya maziwa. Wanawake wakapiga vigelegele. Bi Esha akachota ule udongo, akautia mdomoni, na mimi nilikuwa karibu naye, nikamwona amesita kidogo. Lakini watoto walikuwa wakirukaruka, Twaiba mwenyewe alikuwa amenyamaza kwa mara ya kwanza, na maji yalikuwa yakionekana kwa macho. Bi Esha akatema, akainua mkono.

"Simama Mulwa! Toka! Hilo ndilo sinia!"

Wiki zile alikuwa mtu wa kutisha kwa raha. Plasta ilikuwa imetoka, mkono umepona umepinda kidogo, na kila aliyekuja kuchota alipewa somo la kilima atake asitake. Alimpigia simu Abubakar. "Mwanangu, hicho chumba cha pili, weka mpangaji." Twaiba alipokuja na ndoo yake, Bi Esha alimkaribisha kwa adabu zote: "Karibu wifi, karibu China."

Kisha kaskazi ikakaza. Majani ya mikorosho yakajikunja. Kisima kikaanza kutoa maji mazito, kisha tope, kisha ikawa mtu wa kwanza wa alfajiri anapata ndoo moja na wa pili anapata kamba yake tu. Ramadhani ilikuwa bado. Abubakar alikuja, akachungulia shimoni muda mrefu, hakucheka wala hakusema si nilikwambia.

"Nitakuja Jumamosi na pikapu ya rafiki yangu, mama. Vyungu vyako vyote tutavibeba."

"Njoo," akasema Bi Esha.

Tulidhani amekata tamaa. Lakini alipoondoka mwanawe, mama alikwenda kwenye lundo la udongo mweupe tulioutoa kisimani, akaketi, akaanza kufinyanga. Kimtungi kidogo tu, kwa mkono uliopinda, kidole gumba cha kushoto kikifanya kazi ya kulia. Alikianika upepo ukikaushe, akakichoma kwa makuti na kuni. Twaiba akamkuta akikitoa motoni kwa fimbo.

"Wenzio wakihama hufunga mizigo. Wewe unaongeza."

"Nina neno na udongo huu, wifi. Ulinilia kwenye meno siku ile nami nikajifanya kiziwi."

Kimtungi kilipopoa alikijaza maji, akakiweka juu ya jiwe kavu, wakaketi wote wawili kukitazama. Mimi nilikuwa nimekuja kurudisha sururu, nikaketi pia. Kwanza kikalowa nje.

"Kinatoka jasho," akasema Twaiba. "Si vibaya. Mtungi mzuri lazima utoke jasho, ndiyo baridi yake."

Tukaendelea kutazama. Jasho likawa matone, matone yakawa mstari, na jiwe lote chini ya kimtungi likalowa.

"Jasho ni jasho, wifi," akasema Bi Esha. "Huyu anakojoa."

Akakiinua, maji yakimdondoka mapajani, na uso wake ukabadilika kama mtu aliyeona kitu alichokuwa amekikalia.

"Mimi niliwasimamisha kwenye chujio!" akasema. "Hili si sinia. Ni kitabaka cha udongo kilichochanganyika na mchanga, maji yamekaa juu yake kidogo kupumzika, kisha yamepita. Sinia liko chini yake. Udongo mweusi! Ule wa Jichoni tunaotengenezea mitungi ni mweusi, umewahi kuuona mweupe Jichoni?"

"Jichoni mweupe uko juu juu, mstari mwembamba," akasema Twaiba polepole. "Tunautupa."

"Tunautupa kwa sababu gani?"

"Unapasuka motoni na unavuja." Twaiba akajipiga paja. "Esha! Mbona hukusema siku ile?"

"Nilikuwa nashughulika kukucheka wewe."

Mulwa aliitwa. Alikuja na mtaimbo wake lakini hakutaka kuingia. Alisimama ukingoni mwa kisima na watu wakamzunguka, kwa sababu habari zilikuwa zimeenea na haikuwa kila mtu amependezwa. Ile ndoo moja ya alfajiri ilikuwa bado ipo, na watu hupenda ndoo moja iliyopo.

"Mama, ulituapisha hapa hapa. Hakuna kulitoboa sinia. Sasa leo unaniambia nitoboe?"

"Lile si sinia."

"Na likiwa ndilo? Hata hiyo ndoo moja hatutaiona tena. Watasema Mkamba kaja kuwakausha Wadigo."

Watu wakacheka, lakini walikuwa wakimngoja Bi Esha ajibu.

"Mulwa, Jichoni pamekauka?"

"Hapana. Nimepita jana, maji yanatoka."

"Katika jua hili. Na maji ya Jichoni yanatoka wapi? Yanatoka ndani ya kilima hiki hiki, chini ya miguu yetu hapa, yanatembea kwenda kule. Kisima kimekauka, Jichoni hapajakauka. Basi yanapita wapi?"

Mulwa akakuna kidevu. "Chini ya shimo langu."

"Chini ya shimo lako. Tumejenga kituo kwenye barabara ambayo gari halipiti. Shuka, baba."

Alishuka. Siku ya Ijumaa baada ya swala alilitoboa lile tabaka jeupe, na kweli, lile tope lililobaki likazama mbele ya macho yake kwa sauti ya mtu anayemaliza uji. Tukamulika tochi. Shimo kavu. Kuna mtu nyuma yetu akasema "innalillahi" kama tumezika. Bi Esha akasema tuendelee.

Jumamosi Abubakar alifika na pikapu tukiwa bado tunapiga jiwe lililokuwa chini ya lile tabaka jeupe. Alisalimia, akaona kamba inaleta chenga kavu, akamtazama mamake.

"Mama, tulipatana."

"Tulipatana, na mimi sijakataa. Pakia. Ukimaliza utapakua."

Basi ikawa kazi mbili nyumba moja. Huku Abubakar na rafiki yake wanatoa kabati, wanafungua miguu ya kitanda, wanapanga vyungu ndani ya pikapu na kuvitilia majani visigongane. Kule sisi tunavuta ndoo. Bi Esha alikuwa ameketi kwenye lundo, na kila ndoo ikifika anachukua chembe, anaitia mdomoni.

"Unalia."

Ndoo nyingine.

"Unalia bado. Endeleeni."

"Mama unakula kilima chote," akasema Abubakar akipita na godoro kichwani.

"Bora nikile kabla hakijanila."

Vyombo vilikwisha kupakiwa. Rafiki yake Abubakar alikuwa ameshaketi kwenye usukani, amewasha redio. Abubakar akaja, akasimama mbele ya mamake, kofia mkononi. Aliona haya kumwambia neno lenyewe, ilionekana. Na mama alikuwa ameshaanza kujifuta vumbi magotini, kwa sababu ahadi kwake ni ahadi. Alisimama. Alimpa Twaiba ufunguo wa jiko.

"Ukipika kwangu usiniachie masizi, wifi."

Twaiba akaupokea, akaufunga kwenye pindo la leso.

Ndoo ikafika juu. Aliyeipokea nilikuwa mimi, na nilipoipindua ikatoka bonge moja zito, jeusi, linang'aa, lenye alama ya sururu kama kisu kilichopita kwenye halua. Bi Esha alikuwa ameshapiga hatua ya kwenda garini. Akarudi. Akalimega. Hakulitia mdomoni kwanza. Alilisokota baina ya viganja mpaka likawa uzi, akauzungusha kwenye kidole kama pete. Ule mweupe ungekatika. Huu ulizunguka mara mbili haukuonesha hata ufa. Ndipo akaweka kipande mdomoni, na sote tukatega sikio, hata yule wa garini akapunguza redio.

"Haujasema kitu," akasema Bi Esha.

Kutoka chini Mulwa akaita. "Mama! Miguu imelowa!"

"Toka!"

"Yanaingia kwa pembeni, pande zote! Ngoja nipige sururu moja tu, niweke nafasi—"

"Mulwa! Ukipiga sururu moja zaidi nitakufukia humo humo na nikujengee kaburi la heshima! Toka!"

Alitoka akiwa ametapakaa weusi mpaka magotini, amekenua meno yote. Tulimulika tena. Maji yalikuwa yakija kutoka kwenye kiungo baina ya jiwe na udongo, si kwa kishindo, kwa utulivu tu, kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Jiwe moja la kiasi cha kichwa lilikuwa katikati ya sakafu. Tukalitazama likizama mpaka likapotea. Abubakar alilala kifudifudi ukingoni, shingo imeingia shimoni.

"Na wiki ijayo?" akauliza bila kuinua kichwa. "Mama, lile shimo la kwanza pia lilijaa."

"Lile lilijaa wakati vuli imetoka kupita, mvua bado imo jiweni. Leo mara ya mwisho mvua kunyesha hapa ni lini?"

Jua lilikuwa likituchoma migongo sote, na hakukuwa na wingu hata la kusingizia.

"Haya basi," akasema mamake. "Maji unayoyaona kaskazi hii, ndiyo maji ya kilima chenyewe. Hayana deni na mvua."

Abubakar akainuka, akajikung'uta, akaenda kuongea na rafiki yake garini. Hatukusikia walichosemezana. Tuliona tu injini imezimwa na mlango wa nyuma wa pikapu umefunguliwa.

Twaiba akarudisha ufunguo kwa kuurusha. "Chukua jiko lako. Na hii njia ya kwenda kisimani ipite nje, mimi siwezi kuwa kila siku nakuja kuchota nakukuta unaniangalia."

"Utapita jikoni, wifi, na ukipita uwe na kuni."

Vyungu ndivyo vilivyotangulia kurudi, kimoja kimoja, majani yakidondoka uani. Kabati likafuata. Kitanda kilitupa shida kwa sababu mlango ni mwembamba, ikabidi kiingie vipande vipande. Abubakar alikataa kusaidiwa. Alilala chali sakafuni chini ya mbao, spana mdomoni, akikaza mguu mmoja baada ya mwingine na kuutikisa kuona kama umeshika, na nje mamake alikuwa ameshaanza kuwapanga watu foleni.